Kiyunani Chini ya Mlima Meru

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, vijana wawili wa Kizungu walikuwa wamepiga hema Akheri, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru. Ewald Ovir na Karl Segebrock walikuwa wenyeji wa nchi za Baltiki, zilizokuwa chini ya Urusi wakati huo, na walikuwa wamesomeshwa na Misioni ya Leipzig ya Ujerumani. Vichwani mwao mlijaa Kijerumani, Kilatini, Kiyunani na Kiebrania. Kimeru ndiyo kwanza walikuwa wakikisikia.

Wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliwavamia, wakawaua wote wawili pamoja na Wachagga watano waliofuatana nao kutoka Kilimanjaro. Jirani na hapo palikuwa na kambi nyingine, ya Kapteni Kurt Johannes na askari wake wa serikali ya Kijerumani. Kwa macho ya watu wa mlimani, mzungu mwenye kitabu na mzungu mwenye bunduki walikuwa wamekuja pamoja kwa njia moja, basi bila shaka shughuli yao ilikuwa moja. Wamisionari wangeweza kueleza kwa saa nzima tofauti kati ya misioni na jeshi, lakini kwa lugha gani? Wameru walisoma walichokiona, na mazingira yaliunga mkono usomaji wao.

Kisasi cha Johannes kilithibitisha hofu hiyo. Vijiji vilichomwa moto na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani waliwanyonga Mangi Meli wa Moshi na wenzake 18, wakiwemo viongozi wa Meru na Arusha. Wakati huohuo boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilikuwa likijengwa kwa kazi ya shuruti ya watu haohao walioshindwa vitani. Misioni iliporudi Meru mwaka 1902 haikuweka kituo chake Akheri. Ilikiweka Nkoaranga, juu kidogo, ikaanza upya na darasa la watoto wachache.

Ili kuelewa kwa nini vijana waliotumwa kwenye migomba ya Meru walipakiwa Kiyunani na Kiebrania kabla ya kupanda meli, lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule na wafundishe lugha za Biblia. Alizifananisha lugha hizo na ala ya upanga. Walutheri wameibeba hoja hiyo tangu wakati huo, wengine kwa furaha, wengine kwa kusukumwa na mtihani. Karl Graul, mkurugenzi wa misioni iliyoanzia Dresden, aliihamishia Leipzig mwaka 1848 ili wamisionari wake wakae karibu na chuo kikuu. Aliamini kwamba mmisionari anahitaji elimu ya kina ya lugha na theolojia.

Imani hiyo ilizaa matunda ya aina yake. Leipzig ilileta Kilimanjaro na Meru watu waliopenda sarufi kupita kiasi. Johannes Raum alichapisha sarufi ya Kichagga cha Moshi mwaka 1909. Bruno Gutmann, aliyefika 1902, aliandika maelfu ya kurasa juu ya mila na sheria za Wachagga. Walikesha wakijadili kama jina Ruwa, ambalo kwa Kichagga ni jua na pia ni Mungu, lingefaa kubeba yale yaliyobebwa na majina ya Mungu katika Kiebrania. Waliamua linafaa, na likabaki.

Lakini katika mjadala huo Mchagga na Mmeru walikuwa mashahidi, siyo mahakimu. Wao walitoa neno, mmisionari akalipima kwenye mizani ya Kiebrania, na mizani hiyo ilikaa nyumbani kwake, kwenye rafu ya vitabu. Chuo cha ualimu cha Marangu kilipofunguliwa mwaka 1912, walimu wa Kiafrika walifundishwa hadithi za Biblia, katekisimu, nyimbo na ufundishaji. Waliweza kuhubiri, kufundisha, kuzika, na kupatanisha wagomvi. Ufunguo wa ghala lenyewe, yaani lugha za Biblia, haukutoka mfukoni mwa mwenye nyumba.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoufanya mfuko ule utoboke. Waingereza waliiteka Kaskazini mwaka 1916, na kufikia 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa. Sharika hazikufa. Walimu wa shule za vijijini, ambao hawakuwa wamebarikiwa uchungaji, waliendelea kukusanya watu kila Jumapili. Walutheri wa Marekani wa sinodi ya Augustana walikuja kusaidia, Wajerumani wakarejea baadaye, kisha mwaka 1940 wakawekwa kizuizini tena. Kanisa lililopoteza wachungaji wake mara mbili ndani ya kizazi kimoja halikuhitaji nabii wa kuliambia kwamba linahitaji wachungaji wa nyumbani, na wachungaji hao wapewe mafunzo kamili.

Mwaka 1947 seminari ya pamoja ya Walutheri ilianza huko Lwandai, karibu na Mlalo katika milima ya Usambara. Mlalo haikuwa mahali pageni kwa mambo ya maandiko. Misioni ya Bethel ilikuwa pale tangu 1891, na mmoja wa watu wake wa Usambara alikuwa Karl Roehl, jina ambalo wazee wengi wa Kilutheri walikuwa wakilitaja kana kwamba ni jina la kitabu. Kwa kweli lilikuwa hivyo. Walisema, "Nina Roehl," maana yake nina Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1937.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Biblia ya Roehl ilichapishwa Stuttgart na shirika la Biblia la Württemberg. Shirika hilohilo ndilo lililotoa mwaka 1898 Agano Jipya la Kiyunani la Eberhard Nestle, kitabu ambacho vizazi vyake vingali mikononi mwa wanafunzi wa theolojia duniani kote. Na mwaka uleule wa 1937 shirika hilo lilikamilisha chapa ya tatu ya Biblia ya Kiebrania ya Rudolf Kittel. Basi mji mmoja, mchapishaji mmoja, mwaka mmoja: Kiebrania kwa ajili ya wasomi, na Kiswahili kwa ajili ya Usambara, Meru, Uzaramo na Bukoba. Ilichukua miaka mingine kumi na zaidi kabla ya vitabu hivyo viwili kukutana juu ya meza moja ya mwanafunzi Mwafrika.

Roehl alikuwa na shauri lake. Tafsiri ya Unguja, ambayo Askofu Edward Steere aliianza na ambayo Biblia yake kamili ilitoka 1891, ilitumia Kiswahili cha pwani chenye maneno mengi ya asili ya Kiarabu. Roehl aliona Kiswahili hicho kina harufu ya msikiti, akaanza kuyaondoa maneno hayo na kuweka ya Kibantu. Watu wa bara walimshukuru kwa sababu walimwelewa. Watu wa pwani walinung'unika kwamba amewaandikia lugha isiyosemwa na mtu yeyote. Tafsiri ya muungano iliyotoka 1952 ilijaribu kupatanisha, na ndiyo iliyoshinda, hata leo ndiyo inayosomwa madhabahuni.

Kuna kejeli hapa ambayo Roehl, msomi mzuri wa lugha, bila shaka aliijua. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Neno la Kiarabu lililong'olewa kwenye Kiswahili lilikuwa mara nyingi daraja la kuelekea Agano la Kale. Mwanafunzi wa Kiswahili anayefungua kamusi ya Kiebrania kwa mara ya kwanza hushtuka. Roho ni ruah. Nafsi ni nefesh. Damu ni dam. Kaburi ni kever. Malaika ni malakh, nabii ni navi, baraka ni berakha, saba ni sheva. Kijana wa Kijerumani pale Leipzig alipaswa kuyakariri yote hayo kama mtu anayebeba mawe. Kijana wa Tanganyika alikuwa nayo nusu tangu utotoni, bila kujua alikoyatoa.

Daraja hilo lina ubao uliooza pia. Kwa Kiebrania kuna tsedaka, na sikio la Kiswahili husikia sadaka papo hapo. Anayesoma Amosi sura ya 5 kwa sikio hilo anaweza kudhani nabii anadai bahasha za Jumapili zitiririke kama mto. Amosi anadai haki, uadilifu, mwenendo ulionyooka kati ya tajiri na maskini. Tena mistari michache kabla ya hapo anawaambia watu kwamba Mungu amechoshwa na matoleo yao. Mwalimu wa Kiebrania anayefundisha Waswahili ana kazi mbili: kuwaonyesha wanajua zaidi ya wanavyofikiri, kisha kuwaonyesha kwamba ndugu wa maneno, kama ndugu wa damu, hawana lazima ya kufanana tabia.

Mwaka 1954 seminari ilihama Lwandai ikaja Makumira, Usa River, kando ya barabara ya Arusha na Moshi, katikati ya mashamba ya kahawa. Kutoka hapo hadi Akheri ni safari fupi ya kupanda mlima.

Ilihamia kwenye nchi yenye jeraha bichi. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki, upande wa pili wa mlima, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Watu waliahidiwa fidia na ardhi nyingine kule Kingori, wakakataa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, alilifikisha shauri la Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Baraza lilisikiliza, wajumbe wakatoa hotuba, walowezi wakabaki shambani. Wanahistoria wengi huliona shauri hilo kuwa miongoni mwa mbegu za chama cha TANU, kilichozaliwa Julai 1954, mwaka uleule wanafunzi wa theolojia walipofungua mabegi yao Makumira.

Ni vigumu kufikiri juu ya miaka hiyo bila kukumbuka sura ya 21 ya Wafalme wa Kwanza. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi kwa sababu liko karibu na jumba lake. Anatoa masharti ya kiungwana: nitakupa shamba lililo bora zaidi, au nitakulipa fedha. Masharti ya Kingori kabisa. Nabothi anakataa, na kukataa kwake kunaning'inia kwenye neno moja la Kiebrania, nahala. Kamusi husema urithi. Lakini nahala si mali aliyoacha marehemu ili warithi wagawane na wauze. Ni sehemu ya nchi ambayo ukoo umepewa na haina bei, kwa kuwa waliokufa na watakaozaliwa wamo ndani yake. Mwanafunzi wa Ulaya huhitaji ukurasa mzima wa maelezo ili alielewe neno hilo. Mtu wa Meru au Kilimanjaro, ambako shamba la ukoo huitwa kihamba, anaambiwa tu neno hilo, na anakaa kimya akifikiri.

Huu ndio moyo wa kile walimu wa seminari hukiita ufafanuzi wa Maandiko, au eksejesia. Kwanza msomaji analiondoa neno kwenye mazoea yake na kulirudisha kwa wenyewe: waliolisema, wakati gani, kwa sarufi gani. Ndipo anapolileta nyumbani. Akiruka hatua ya kwanza, anahubiri mawazo yake na kuyapaka mafuta ya Biblia. Akiishia kwenye hatua ya kwanza, anahubiria Wameru habari za watu wa Samaria waliokufa zamani. Kilichobadilika mwaka 1954 ni kwamba hatua zote mbili sasa zilianza kupigwa na mtu mmoja.

Darasa la Makumira lilikuwa na utajiri ambao Leipzig haikuwahi kuwa nao, na pengine halikutambua hilo mapema. Walikuja Wahaya kutoka Bukoba, Wabena kutoka nyanda za kusini, Wasambaa, Wazaramo, Wachagga, Wameru, Wanyaturu wa Singida, Wairaqw wa Mbulu, Wamaasai na Waarusha. Makanisa yao saba yaliungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, mkuu wake wa kwanza akiwa Askofu Stefano Moshi. Kiswahili kiliwaunganisha. Lakini kila mmoja aliketi kwenye dawati akiwa na sarufi nyingine kifuani.

Chukua Kiiraqw. Si lugha ya Kibantu. Ni ya Kikushi, na iko katika ukoo mmoja mkubwa wa lugha pamoja na Kiebrania na Kiarabu. Ina zile sauti za kooni, ayin na het, ambazo Mjerumani huzitamka kama mtu aliyepaliwa na maji na Mchagga huzimeza kabisa. Ina majina ya kiume na ya kike. Kijana wa Mbulu aliyedharauliwa njiani kwa Kiswahili chake kizito angeweza kusoma zaburi kwa matamshi ambayo mwalimu wake aliyafahamu kwenye karatasi tu.

Mmaasai na Mwarusha nao walikuwa na lao. Kiyunani hutanguliza kibainishi mbele ya jina, na kibainishi hicho husema kama jina ni la kiume, la kike au si la jinsia. Kiswahili hakina kitu hicho, kwa hiyo Waswahili wengi huteseka na ho, he, to wiki za mwanzo. Mmaasai husema ol na en tangu anyonye. Jina Engare Nanyuki lenyewe, maji mekundu, limebeba kiambishi cha kike mwanzoni. Na Mhaya, ambaye lugha yake hutofautisha wakati uliopita wa leo, wa jana na wa zamani, hakushangazwa na Kiyunani kuwa na namna zaidi ya moja ya kusema jambo limepita.

Waswahili hawakutoka mikono mitupu. Kuna neno la mwisho la Yesu msalabani katika Injili ya Yohana, tetelestai. Wakati wake wa kitenzi hueleza tendo lililokamilika na ambalo matokeo yake bado yapo. Vitabu vya sarufi hutumia aya mbili kulifafanua. Kiswahili kina -me-. Mtu akisema mgeni amefika, haelezi historia. Anakuambia weka chai motoni. Na mzoefu wa ngeli, ambaye husema kitabu changu kizuri kimepotea bila kufikiri, hana sababu ya kuogopa sifa ya Kiyunani inayofuata jina lake kwa kila mwisho wa neno. Anajua upatanisho. Amezaliwa nao.

Miongoni mwa walioona hazina hiyo alikuwa Howard Olson, Mmarekani wa Minnesota aliyefika Tanganyika mwaka 1946, akakaa Singida na kuchunguza Kinyaturu hadi kupata shahada ya udaktari mwaka 1964. Alifundisha Makumira kwa miaka mingi. Aliandika kitabu cha kufundishia lugha ya Agano Jipya kwa Kiswahili, kikaitwa Jifunze Kiyunani. Jina hilo halina makeke, lakini lilikuwa na maana yake. Hadi hapo mwanafunzi alifika kwenye Kiyunani kwa kupitia Kiingereza, akivuka mito miwili badala ya mmoja. Sasa aliweza kuvuka mmoja.

Olson anajulikana zaidi kwa jambo jingine. Aliwashawishi wanafunzi waandike nyimbo kwa sauti za kwao badala ya kutafsiri za Kijerumani. Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja Mhaya, Bernard Kyamanywa, alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, kwa mahadhi ya nyumbani kwao. Leo unaimbwa Marekani, Ujerumani na Skandinavia na watu wasioweza kuionyesha Bukoba kwenye ramani. Maneno yake yanafuata simulizi la kaburi tupu, malaika na wanawake. Ni ufafanuzi wa Maandiko uliopigiwa ngoma. Miaka miwili baadaye Makumira ilianza kutoa jarida la Africa Theological Journal, na wachungaji wa Kiafrika wakaanza kubishana kwa maandishi, kwa hoja na tanbihi, kama ilivyokuwa desturi ya Leipzig.

Hapa pana jambo la kuchekesha. Wakati vijana wa Makumira wakikariri vitenzi vya Paulo, Wagiriki hai walikuwa jirani zao. Tangu enzi ya Mjerumani Wagiriki walikuja kujenga reli, wakahamia kwenye mkonge na kahawa, na Arusha ikawa na jamii yao kubwa. Jina la Mtakatifu Konstantino lingali kwenye shule iliyoanzishwa na jamii hiyo mjini. Lakini Kiswahili kiliwatenga watu hao wawili kwa ustadi. Wa Biblia ni Myunani. Wa shamba la kahawa ni Mgiriki. Mtu angeweza kusoma barua kwa Wakorintho asubuhi na kuchuma kahawa ya Mgiriki mchana bila kushuku kwamba mwajiri wake na Wakorintho ni watu wa nchi moja.

Kiebrania nacho kilikuwa kimepita jirani. Kuanzia 1942 Waingereza waliwaweka Tengeru, chini tu ya Akheri, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto walionusurika kambi za Siberia. Karibu wote walikuwa Wakatoliki, lakini walikuwemo pia Waorthodoksi na Wayahudi wachache. Makaburi yao yangali pale, yakitunzwa.

Swali lililouweka ufafanuzi wa Maandiko kwenye mizani nzito zaidi halikutoka kwenye kamusi bali kwenye viti vya nyuma vya darasa, walikokaa wanawake. Walisoma theolojia miaka mingi bila ruhusa ya kubarikiwa kuwa wachungaji. Wapinzani walikuwa na mstari wao tayari, sura ya 14 ya Wakorintho wa Kwanza, wanawake wanyamaze. Wenzao walijibu kwa Kiyunani. Katika Warumi sura ya 16 Paulo anamtaja Fibi kuwa diakonos wa kanisa la Kenkrea. Neno hilohilo likitajwa kwa wanaume, wafasiri mara nyingine huandika shemasi. Likimfikia Fibi hugeuka mhudumu. Mistari michache mbele anatajwa Yunia, mashuhuri miongoni mwa mitume. Hati za kale hazikuwa na alama za mkazo, na katika umbo alilotajwa, jina lake laweza kusomwa kama la mwanamume au la mwanamke kulingana na mkazo utakapowekwa. Toleo la Nestle lilibeba mkazo wa kiume kwa miongo kadhaa, hadi chapa ya 1998 iliporudisha wa kike.

Mkazo mmoja, nukta ya wino, na mtume anabadilika jinsia! Kiswahili, ambacho husema yeye na a- kwa wote, hakina namna ya kuonyesha ugomvi huo. Anayesoma Kiswahili peke yake hawezi hata kujua kwamba upo. KKKT iliamua mwaka 1990 kwamba wanawake wabarikiwe, na wa kwanza walibarikiwa 1991. Dayosisi nyingine zilichukua muda zaidi. Hakuna anayeweza kudai kwamba sarufi peke yake ndiyo iliyoamua, maana mabaraza ya kanisa yana hesabu zake nyingine, lakini waliosimama kutetea walikuwa na cha kushika mkononi.

Makumira ya leo si ile ya 1954. Mwaka 1997 iliingia katika Chuo Kikuu cha Tumaini, na sasa wanafunzi wa sheria, ualimu na muziki ni wengi kuliko wa theolojia. Vyuo vya Biblia kama Mwika, Kidugala na Ruhija huandaa wainjilisti, ambao ndio hasa wanaobeba mitaa ya vijijini, na wengi wao hawagusi Kiyunani kabisa. Wapo wanaouliza kwa haki kama kuna faida ya kumtesa mchungaji wa baadaye kwa herufi zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ilhali simu yake ina tafsiri 20 na kamusi ya bure. Swali hilo si jipya. Luther aliulizwa vilevile, bila simu. Jibu la uaminifu ni kwamba wengi husahau. Miaka mitano baada ya kubarikiwa, kati ya mazishi, vikao vya fedha, kipaimara na mnada wa ndizi baada ya ibada, kitabu cha Kiebrania hukaa juu ya kabati kikikusanya vumbi jekundu. Wachache hawasahau. Mara nyingi hao ndio wanaoitwa baadaye kwenye meza za tafsiri, maana Biblia ya Habari Njema, iliyokamilika 1995, na tafsiri za lugha za makabila zinazoendelea haziwezi kufanywa kwa kusoma Kiingereza tu.

Huko Akheri, Ovir na Segebrock wamelala katika udongo mwekundu wa mlima, kanisa likiwa karibu. Wameru huzika watu wao nyumbani, kwenye migomba, na mchungaji akitupa gao la udongo husema maneno ambayo kila mtu anayajua. Huko bondeni Makumira, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapofika Mwanzo sura ya 2, mwalimu huandika ubaoni maneno mawili ya Kiebrania, moja chini ya lingine. La kwanza ni adama, ardhi. La pili ni adam, mtu, aliyefinyangwa kwa hiyo ardhi. Kisha huuliza darasa kama kuna anayelitambua la pili, na kwa kawaida hupita muda mfupi wa ukimya kabla mmoja hajasema, kwa sauti ya kutojiamini, mwanadamu.